Ajira za Meli Zipo Pia Kyela

Kijana wa Tukuyu au Makambako akisikia neno baharia, mawazo yake humpeleka Tanga au Zanzibar, ilhali ukishuka kutoka Tukuyu ukapita mashamba ya kokoa na mpunga, unafika bandari za Itungi na Kiwira wilayani Kyela, kwenye Ziwa Nyasa lenye kina kinachokaribia mita 700 na linalopakana na nchi tatu.

Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA), iligharamia meli tatu katika ziwa hili: MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa kubeba tani 1,000 za shehena kila moja, na baadaye MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kwa kuwa Mto Shire unaotoka ziwani una maporomoko, meli haiwezi kupanda kutoka baharini. Ikabidi vyuma visafirishwe kwa barabara na kuunganishwa huku huku Kyela na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine.

Wengi huhesabu ajira za nahodha na wasaidizi wake, wakasahau kwamba meli hutakiwa kupandishwa chelezoni, yaani kutolewa majini ili ikaguliwe na kutengenezwa, kila baada ya muda. Hapo tumbo lake hukwanguliwa, kisha fundi hupaka jeli kidogo juu ya bati na kugusisha kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa chuma. Palipoliwa na kutu kupita kiwango, bati hukatwa na jipya kuchomelewa. Mhitimu wa uchomeleaji wa chuo cha ufundi stadi cha VETA Mbeya ana msingi wa kazi hiyo, ingawa mchomeleaji wa geti la nyumba hawi mchomeleaji wa meli mpaka apimwe na kuthibitishwa.

Anayetaka kufanya kazi melini ajue kwamba, kwa meli za baharini, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978 unadai mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi na wajibu wa baharia kwa wenzake. Mafunzo hayo hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Kwa maoni yangu umbali wa kufika chuo hicho ndio kikwazo kikubwa kwa mtoto wa mkulima wa Rungwe, kuliko hata uhaba wa meli.

Kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Matema, njia iliyo karibu zaidi ya kupata mtaji ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti yake yaulizwe kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Jambo moja linawaumiza wazazi wengi: pesa zinazodaiwa na mawakala wa ajira za meli. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti; gharama ya viza ni ya mwenye meli. Wakala anayedai "pesa ya nafasi" kabla ya mkataba asipewe hata shilingi.