Kusoma Kivietnam chuo kikuu: mtaji ambao Mswahili tayari anao

Kila ninapowaambia watu kwamba nilisomea Kivietnam huko Hanoi na kwamba sasa ninaishi kwa kazi ya ukalimani wa lugha hiyo, huniuliza kwanza habari za toni. Wamesikia kwamba ziko sita, na kwamba ukikosea moja umetamka neno jingine kabisa. Ni kweli. Dừa ni nazi, dứa ni nanasi, dưa ni tikiti, na muuzaji mwenye vyote vitatu kwenye meza moja hawezi kukisia unataka kipi kama sauti yako haikupanda au kushuka inavyotakiwa. Lakini toni ni kazi ya miezi, na dawa yake inajulikana: sikiliza, rudia, sahihishwa, rudia tena. Linalowachukua wanafunzi miaka, na linalowafanya wengine wahitimu wakiongea Kivietnam sahihi kisichomgusa mtu, ni jambo jingine. Katika lugha hii huwezi kusema “mimi” wala “wewe” kabla hujajua mwenzako ni nani kwako.

Kwenye jambo hilo msemaji wa Kiswahili anaingia darasani na mtaji ambao wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani hawana. Ninawaandikia hasa vijana wanaoniuliza kama inafaa kujaribu. Inafaa.

Kivietnam kinalo neno la “mimi” lisiloegemea upande, tôi, na vitabu vya wanaoanza hulifundisha mapema. Ukilitumia kwa mama wa nyumba uliyopanga utaeleweka, ila utasikika mkavu kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Katika maisha ya kila siku watu hujitaja na kutajana kwa majina ya ukoo, yaani ya undugu. Anh ni kaka, chị ni dada, em ni mdogo wa kike au wa kiume, ông ni babu, bà ni bibi, cháu ni mjukuu au mtoto wa ndugu, con ni mwana. Kwetu pia tunaitana kaka na dada, lakini kule majina haya yanafanya kazi yote ya viwakilishi vya nafsi. Kijana akizungumza na msichana aliyemzidi miaka mitatu hujiita em na kumwita mwenzake chị, na yule msichana naye hujiita chị. Akigeuka kumjibu mtoto wa jirani, kijana yule yule amekuwa anh. Simu ya babu ikiingia, amekuwa cháu.

Ndiyo maana Mvietnam mliyekutana naye sasa hivi atakuuliza ulizaliwa mwaka gani. Wageni wengi huona ni upekuzi, kumbe mtu anatafuta namna ya kuanza sentensi yake. Wengine hukutajia mwaka kwa mnyama wake katika mzunguko wa miaka 12, na hapo utakuta Vietnam wana paka mahali ambapo China wana sungura.

Sasa tuje kwenye mtaji wenyewe. Kiingereza kinatosheka na neno moja kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Kivietnam hakikubali mchanganyiko huo, na Kiswahili nacho hakikubali. Kaka mkubwa wa baba ni bác, mdogo wake wa kiume ni chú. Cô ni shangazi, cậu ni mjomba, dì ni mama mdogo. Kusini mwa nchi mpangilio unalingana na wetu karibu hatua kwa hatua. Kaskazini upo tofauti kidogo, kwa sababu bác hubeba wakubwa wote wa baba na wa mama, wa kike kwa wa kiume. Wenzangu waliotoka Ulaya walichora miti ya ukoo kwenye madaftari yao wakiikariri kama hesabu. Mimi fikra nilikuwa nayo tangu utotoni, nilichohitaji ni majina tu.

Hata kanuni inayowashinda wengi, kwamba tawi la ukoo hushinda umri, haitatushangaza. Mtoto wa bác ni kaka au dada yako hata kama umemzidi miaka kumi, nawe unajiita em mbele yake. Aliyewahi kuambiwa amwamkie kijana mdogo kwa sababu kiukoo ni baba yake mdogo hahitaji kuelezwa zaidi. Na hapo utaelewa kwa nini Hồ Chí Minh, kiongozi wa uhuru wa Vietnam, huitwa Bác Hồ. Amewekwa mahali pa kaka mkubwa wa baba: heshima yake inapita ya baba mzazi, na bado ni mtu wa nyumbani.

Chuoni mpango huu unakukuta mlangoni. Mwalimu wa kiume ni thầy, wa kike ni cô, nao hujitaja hivyo hivyo, “mwalimu anadhani”, “mwalimu atakuja kesho”, huku mwanafunzi akijiita em. Jibu la heshima hufunguliwa kwa dạ na sentensi hufungwa kwa ạ. Vineno hivi viwili vina kazi inayokaribiana na ya shikamoo, ila haviishii kwenye salamu, vinaandamana na mazungumzo hadi mwisho.

Kwa hiyo sikubaliani na mitaala inayofundisha lugha asubuhi na utamaduni mchana, kila kimoja na mwalimu wake, kimoja hakijui kingine. Vyuo vikuu vya Vietnam huiita fani yetu Việt Nam học, yaani masomo ya Vietnam, na ndani yake kuna somo la misingi ya utamaduni: kijiji na nyumba yake ya jumuiya, heshima kwa wahenga, makabila 54 yanayotambuliwa rasmi, sikukuu ya Tết, mwaka wao mpya. Ukilisoma bila lugha, linakuwa orodha ya mila za kukariri. Lisome ukiwa umealikwa kwenye giỗ. Hii ni kumbukumbu ya siku aliyofariki mzee wa familia, inayohesabiwa kwa kalenda ya mwezi mwandamo, na katika familia nyingi ina uzito kuliko siku ya kuzaliwa. Ukoo wote hukusanyika. Chakula hutangulizwa kwenye madhabahu ya wahenga, ubani ukawashwa, kisha hushushwa na watu wakala pamoja. Keti kimya usikilize. Ndani ya chumba kimoja utasikia kila jina la ukoo likitumika kama “mimi”, kama “wewe” na kama “yeye”, huku vijana wakiwakaribisha wakubwa chakula mmoja mmoja kwa majina hayo kabla ya kugusa vijiti. Hakuna maabara ya lugha inayoweza kukupa hivyo.

Turudi kwenye toni, kwa ufupi. Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kiswahili ni miongoni mwa chache zilizozipoteza, na sisi tunategemea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kama nyumbani unaongea Kihaya au Kikuyu, sikio lako limekwishazoea kwamba kimo cha sauti kina maana. Kikwazo chetu kikubwa ni kiimbo cha swali. “Umekula?” ni taarifa iliyopandishwa sauti mwishoni. Ukifanya hivyo kwa Kivietnam umebadili toni ya neno la mwisho, na swali lenyewe halijaulizwa. Maswali hujengwa kwa vineno kama không, yaani “hapana”, na chưa. Na hicho chưa ni zawadi kwetu, maana ni “bado”. Anh ăn cơm chưa? Kaka umekula, au bado? Hata ukiulizwa kama umeoa, jibu la kawaida ni chưa, kwa kuwa không ingekuwa kana kwamba umeufunga mlango. Sisi tunaotofautisha “hajaoa” na “haoi” hatuhitaji kufundishwa hilo.

Chagua lahaja moja mwanzoni ukae nayo. Hanoi hutamka toni zote sita, ile ya ngã ikikatikia kooni katikati ya irabu. Kusini hỏi na ngã zimeungana, zikabaki tano. Herufi nazo hubadilika: d, gi na r husikika kama z kaskazini, wakati kusini d na gi husikika kama y. Wanaochanganya walimu wa pande mbili katika mwaka wa kwanza huishia na matamshi yasiyo ya mahali popote. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria wiki 44 za darasa kwa Kivietnam na 36 kwa Kiswahili, lakini makadirio hayo ni ya mtu anayeanzia kwenye Kiingereza. Yasikutishe.

Sarufi iliyobaki ni nyepesi kuliko yetu. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa njeo. Nomino huhesabiwa kwa neno la aina yake, con kwa wanyama, cái kwa vitu vingi, quyển kwa vitabu, na mtu aliyekulia kwenye ngeli hashangai kuona kisu na mto wa maji vikipewa con ya wanyama.

Mwaka wa pili ndipo historia inapoanza kulipa. Kwa karne nyingi Vietnam iliandika kwa herufi za Kichina, kisha ikabuni chữ Nôm, herufi za kuandikia lugha yake yenyewe. Maandishi ya Kilatini unayoyaona leo yalianza na wamisionari Wajesuiti wa karne ya 17. Francisco de Pina, Mreno, alitangulia, na Alexandre de Rhodes akachapisha kamusi yake Roma mwaka 1651. Mitihani ya kale ya utumishi wa mfalme ilifungwa 1919, na baada ya uhuru kutangazwa Septemba 1945 serikali ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga kwa maandishi hayo ya Kilatini. Sisi ambao tenzi zetu za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu tunaielewa safari hiyo kutoka ndani. Herufi ziliondoka, maneno yakabaki. Anayejua kwamba elimu, mwalimu na taaluma ni ndugu wa mzizi mmoja anajua pia namna ya kujifunza maneno yenye asili ya Kichina. Shika học, “kusoma”, na milango inafunguka: học sinh mwanafunzi, đại học chuo kikuu, văn học fasihi, khoa học sayansi. Ningependa kila chuo kifundishe mizizi hii kwa utaratibu badala ya kumwachia mwanafunzi aigundue mwenyewe.

Kisha ushairi, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo. Bahari kuu ya Kivietnam ni lục bát. Mshororo wa kwanza una mizani 6, wa pili mizani 8. Kina cha mwisho cha mshororo mfupi hujibiwa na silabi ya sita ya mshororo mrefu, yaani ndani, kabla ya mwisho. Silabi ya nane nayo huanzisha kina kipya kitakachojibiwa na mshororo mfupi unaofuata, na vina hupokezana hivyo bila kukatika hadi shairi liishe. Nguyễn Du, aliyefariki 1820, alitunga Truyện Kiều kwa bahari hiyo, mishororo 3,254, hadithi ya binti anayejiuza ili kumwokoa baba yake. Wako watu wasio na shule nyingi wanaoghani vipande vyake kwa moyo, na wapo wanaokifungua kitabu popote kutafuta bahati yao.

Mwenye sikio la mizani na vina vya kati husikia umbo la lục bát mapema, lakini kuna arudhi moja tusiyokuwa nayo: toni zenyewe zimepangiwa mahali. Silabi ya pili, ya sita na ya nane ziwe za kundi tulivu, yaani toni ya usawa au ya kushuka, ya nne iwe ya kundi lililopinda, yaani toni nne zilizobaki. Zaidi ya hapo, silabi ya sita na ya nane za mshororo mrefu haziruhusiwi kuwa na toni moja. Moja ikiwa ya usawa, nyingine iwe ya kushuka. Ukikosea toni, shairi limevunjika na sikio linalisikia. Ninawashauri wanafunzi wakariri mishororo ya mwanzo ya Kiều katika muhula wa kwanza, kabla hawajaielewa, kama tulivyokariri tenzi tukiwa wadogo. Maana itafika baadaye ikute toni zimekwishakaa mahali pake.

Ukiwa Hanoi nenda Văn Miếu, Hekalu la Fasihi lililojengwa 1070. Mawe 82 yenye majina ya waliofaulu mitihani ya juu yamesimama juu ya migongo ya kobe wa mawe, na wanafunzi wa leo bado huenda huko kuomba kabla ya mitihani yao.

Kazi zipo. Vietnam ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi za Tanzania. Halotel, kampuni ya simu iliyoanza huduma Tanzania mwaka 2015, ni ya Viettel ya Vietnam, na Lumitel ya Burundi vilevile. Mikutano mingi ya biashara hizi hupitia Kiingereza ambacho pande zote mbili hukiongea kwa shida. Mkalimani anayejua amwite mkuu wa ujumbe bác au anh huanza mkutano akiwa ameshasikilizwa.

Anayetaka shahada kwa Kivietnam kwa kawaida hutakiwa kufika ngazi ya 4 kati ya 6 za mfumo rasmi wa kupima Kivietnam cha wageni uliowekwa 2015, na wengi hutumia mwaka mmoja wa maandalizi kuifikia. Mwaka huo tafuta chumba kwenye nyumba ya familia, ikiwezekana yenye bibi na wajukuu. Bweni la wageni ni rahisi na liko karibu na darasa, lakini jioni zake hupita kwa Kiingereza. Mwenye nyumba atapaswa kukuandikisha polisi kama mkazi wa muda, kwa hiyo hakikisha amekubali kufanya hivyo kabla hujalipa kodi.