Je, wajua kwa nini ndege aitwaye chozi wa Kigoma ana mfanano wake Australia?

Ukipita kwenye migomba ya Kasulu asubuhi, tazama ua linaloning'inia chini ya mkungu. Si ajabu ukamkuta chozi ameling'ang'ania kichwa chini, miguu juu, mdomo umezama ndani. Chozi dume wa kifua chekundu hana kificho: mwili mweusi, kifua chekundu cha kung'aa, utosini kijani cha metali. Jike ni wa kahawia tu.

Sasa, Australia, New Guinea na visiwa vya Pasifiki hadi Fiji na Samoa wako ndege wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Myzomela. Wadogo vilevile, mdomo mwembamba uliopinda, na madume wengi wamevaa nyekundu na nyeusi. Mwonyeshe mtu wa Ujiji picha, atakujibu bila kusita: "Chozi huyo." Wala asichekwe, maana wataalamu wenyewe waliwachanganya. Mwaka 1766 Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, alimwita chozi wa kifua chekundu Certhia senegalensis. Mwaka 1801 Latham, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, akampa Myzomela mwekundu wa Australia jina la Certhia sanguinolenta. Neno la kwanza ndilo jina la jenasi: jenasi ileile! Enzi hizo ilitosha ndege awe mdogo na mdomo umepinda.

Vinasaba vimekataa undugu huo. Chozi yuko karibu zaidi na shomoro wa mapaa yetu kuliko na Myzomela.

Kilichowafananisha ni riziki. Nekta, yaani maji matamu ya maua, hukaa ndani kabisa ya ua, kwa hiyo kila kizazi, mwenye mdomo uliofika mbali kidogo alishiba na kulea vizuri kuliko wenzake. Hayo yametokea Afrika kivyake na kule kivyake.

Ila fungua mdomo uone ulimi. Wa chozi umejikunja ukawa mrija, ncha imegawanyika mara mbili. Wa Myzomela umechanikachanika nchani ukawa brashi, nekta inanasa kwenye nyuzi zake. Shida ileile, fundi tofauti.

Viota navyo havifanani. Chozi hufuma kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni, na kukishikiza kwa utando wa buibui. Myzomela hutengeneza kikombe kidogo kilicho wazi juu. Makinda wa pande zote mbili hulishwa wadudu, kwani nekta ni sukari tupu na mwili hauoti kwa sukari.