Barafu ya Kilimanjaro bado ipo. Je, kompyuta zilikosea?

Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, na wengi wanasema: modeli za kompyuta, yaani hesabu zinazoiga hali halisi, ni uongo mtupu.

Hapo lawama zinamwangukia asiyehusika. Makadirio yale hayakutokana na modeli ya kompyuta ya barafu. Walipima eneo la barafu, takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 na 2.6 mwaka 2000, kisha wakaunyoosha mstari wa kupungua mpaka sifuri.

Modeli ya barafu hufanya kazi nyingine kabisa. Hulishwa vipimo vya jua, upepo, unyevu na theluji kutoka kituo kilichowekwa juu ya barafu mwaka 2000, ikakokotoa joto linaloingia na kutoka. Kileleni hewa huwa wastani wa nyuzi 7 chini ya sifuri, hivyo barafu nyingi haiyeyuki. Hugeuka mvuke moja kwa moja. Kilo moja kuwa mvuke hutaka nishati kama mara nane ya kuyeyuka!

Nishati hiyo hutoka hasa kwenye jua, ndiyo maana theluji mpya ni ngao: weupe wake hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Masika yakiwa haba, barafu kuukuu ya kijivu hubaki wazi na kunywa jua zaidi. Kwangu hilo ndilo la kutazama kila msimu, kuliko tarehe ya mwisho: theluji imeanguka kiasi gani, na imekaa siku ngapi.