Je, wajua? Tochi ya simu janja ni mali ya kamera

Fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Washa tochi ya simu yako, kisha fungua kamera. Kwenye simu nyingi za Android tochi itazimika papo hapo, wala hutaulizwa. Funga kamera, washa tena tochi, inawaka kama kawaida.

Kwa nini? Jibu lake utaligonga kwa kichwa siku utakapokaa kutengeneza programu yako ya kwanza ya tochi, maana utatafuta mahali palipoandikwa "tochi" kwenye mfumo wa Android na kila njia itakurudisha mlango uleule: kamera.

Enzi za simu za vitufe mambo yalikuwa wazi. Wakenya waliiita mulika mwizi, Watanzania kitochi, na jina lenyewe lilitoka kwa kile kitaa kichwani mwa simu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani, ilikuwa na taa ambayo haikuwa na kazi nyingine yoyote. Haikuwa na kamera hata ya kusingiziwa. Umeme umekatika, unatafuta tundu la kufuli, unabonyeza, unaona.

Simu janja haikuwekewa taa ya namna hiyo. Iliwekewa flashi ya kupigia picha, nasi tunaiazima kumulikia njia. Geuza simu uitazame: ni kidoa chenye umanjano karibu na lenzi. Umanjano huo si uchafu. LED ya aina hii kwa asili hutoa mwanga wa buluu, na juu yake hupakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Buluu na njano vikichanganyika, jicho linaona weupe. (Kuipata LED ya buluu inayofaa haikuwa kazi ya mchezo. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake.)

LED hiyo huendeshwa kwa viwango viwili vya umeme. Picha inapopigwa hupewa umeme mwingi kwa muda wa kufumba na kufumbua. Ikitumika kama tochi hupewa umeme mdogo unaoweza kudumu, kwa sababu ule wa flashi ukiachwa dakika nzima joto lake litaiua. Ndiyo maana flashi ya picha inakupofusha lakini tochi unaweza kuistahimili. Sasa, flashi lazima iwake sambamba kabisa na kamera inaponasa picha, kwa hiyo funguo zake zilikabidhiwa mfumo wa kamera. Tochi ilipokuja kuhitajika ilikuta taa ina mwenyewe.

Hapo ndipo lilipoanzia jambo ambalo wengi walilinung'unikia miaka ile: unapakua programu ya tochi, inakuomba ruhusa ya kupiga picha na kurekodi video. Watu walihisi wanapelelezwa. Ukweli ni kwamba mtengenezaji mwaminifu hakuwa na njia nyingine. Ili kuwasha taa ilimbidi aifungue kamera yenyewe, aiweke kwenye hali ya tochi, halafu mara nyingi aanzishe na picha ya moja kwa moja ambayo hakuna aliyetaka kuiona. Kamera nzima inafanya kazi, betri inaliwa, ili mtu aone viatu vyake viko wapi.

Shida ni kwamba ruhusa zote zilitolewa kwa mkupuo wakati wa kupakua: kubali zote au iache programu. Watu wakazoea kubonyeza kubali bila kusoma, na wasio waaminifu wakapitia humohumo. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano na kampuni ya Goldenshores Technologies kuhusu programu yake ya Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa na makumi ya mamilioni ya watu. Ilikuwa ikituma mahali simu ilipo pamoja na namba ya utambulisho wa simu kwa watu wengine, mitandao ya matangazo ikiwemo. Ilianza kutuma hata kabla mtumiaji hajabonyeza kukubali masharti. Kitufe cha kukataa kilikuwepo, ila kilikuwa pambo.

Android 6.0, ya mwaka 2015, iliyatatua yote mawili kwa mkupuo. Kwanza, ruhusa nyeti zikaanza kuombwa moja moja wakati programu inapozihitaji. Pili, ikaja amri inayoitwa setTorchMode, inayowasha flashi bila kuifungua kamera, na haihitaji ruhusa ya kamera hata kidogo. Kwa hiyo leo, programu ya tochi tupu ikikuomba kamera, muulize aliyeitengeneza anaitakia nini. Ikikuomba orodha ya namba zako za simu, usiulize, ifute.

Basi tuitengeneze. Utasema simu tayari ina tochi, ya nini nyingine? Kwangu mimi hii ndiyo programu bora ya kuanzia, kwa kuwa ni fupi mno lakini inagusa kitu halisi. Programu ya kuandika "Habari dunia" inabadilisha maandishi kwenye kioo. Hii inabadilisha chumba.

Unahitaji Android Studio, ambayo Google huitoa bure, na lugha ya kuandikia programu ya Kotlin iliyomo ndani yake. Andaa bando la kutosha, maana vitu vya kupakua ni GB kadhaa, na kompyuta yenye RAM chini ya GB 8 itakutesa. Unapoanzisha mradi utaulizwa programu yako ianzie toleo gani la Android: chagua API 23 au zaidi. Hiyo 23 ndiyo Android 6.0 tuliyoitaja. Tumia simu halisi, kwa sababu simu ya kuigiza iliyomo kwenye kompyuta haina taa ya kukumulikia. Kwenye simu, nenda kwenye mipangilio, tafuta nambari ya muundo, iguse mara 7. Ndiyo, mara saba, kama uganga. Simu itakwambia kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Washa utatuzi wa USB, chomeka waya, umemaliza maandalizi.

Kwenye ukurasa weka kitufe kimoja. Kisha programu iombe mfumo uipatie CameraManager, yaani msimamizi wa kamera zote za simu. Mimi kigezo chake, yaani jina la kumwitia ndani ya programu, nakiita meneja. Kila kamera ina utambulisho wake, na wanaoanza wengi huambiwa tu waandike 0 kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo kamera ya nyuma. Hapa pana mitego miwili. Kwanza, utambulisho huo ni maandishi, si namba, kwa hiyo ukiandika 0 bila alama za kunukuu mstari utageuka mwekundu na utakuna kichwa. Pili, "mara nyingi" si "daima". Afadhali upitie orodha ya cameraIdList na kuiuliza kila kamera kama ina FLASH_INFO_AVAILABLE. Ya kwanza itakayojibu ndiyo, hiyo. Zote zikijibu hapana, simu hiyo haina flashi, na unachoweza kufanya ni kugeuza kioo chote kuwa cheupe na kupandisha mwangaza hadi mwisho. Si jambo la aibu: programu za tochi za iPhone zilianza hivyohivyo, kwa sababu hakuna iPhone iliyokuwa na flashi kabla ya iPhone 4 ya mwaka 2010.

Kitufe kikibonyezwa, kazi yote ni mistari miwili:

imewaka = !imewaka
meneja.setTorchMode(utambulisho, imewaka)

Mstari wa kwanza unageuza hali: kama ilikuwa imewaka sasa haijawaka, na kinyume chake, alama ya mshangao hapo maana yake ni "si". Wa pili unampelekea meneja agizo. Vigezo unaweza kuvipa majina ya Kiswahili bila wasiwasi, Kotlin haijali, nami nawashauri wanaoanza wafanye hivyo; inawasaidia kutofautisha maneno yao na maneno ya mfumo.

Bonyeza, taa inawaka. Hapa watu hupiga kelele, na ni haki yao.

Sasa ivunje. Ikiwa taa imewaka, shusha paneli ya juu ya simu na uizime kwa tochi ya simu yenyewe, kisha rudi kwenye programu yako ubonyeze kitufe. Hakuna kinachotokea. Bonyeza tena, inawaka. Mimi nilipokutana na hili mara ya kwanza nilidhani kitufe kina ubovu, nikahangaika na rangi na ukubwa wake jioni nzima. Kosa lilikuwa kwenye kigezo imewaka: kilibaki kinaamini taa inawaka ilhali mwingine ameshaizima. Nilikuwa nimejitungia ukweli wangu badala ya kumuuliza mwenye taa. Dawa yake ni kusajili TorchCallback, kiungo ambacho mfumo hukiarifu kila mara hali ya tochi inapobadilika, hata ikiwa aliyeibadilisha si wewe. Thamani ya imewaka ipangwe huko tu, na kitufe kibaki na kazi ya kutuma maombi.

Ivunje kwa njia nyingine: jaribu kuwasha tochi wakati unapiga simu ya video. Kamera iko kazini, mfumo unakataa, unarusha hitilafu iitwayo CameraAccessException, na kama hukujiandaa programu yako inaanguka. Zungushia amri yako try na catch, maneno ya Kotlin ya kujaribu jambo na kuidaka hitilafu likishindikana, umwambie mtumiaji kwa upole kwamba kamera inatumika. Ni lile jaribio letu la mwanzo kwa upande wa pili: kamera na tochi vikigombania taa, kamera ndiyo inayoshinda.

Ukiwa na hamu ya zaidi, Android 13 iliongeza turnOnTorchWithStrengthLevel, ya kupunguza au kuongeza ukali wa mwanga, kwa simu ambazo LED yake inakubali. Lakini mimi ningekupeleka kwenye SOS, ishara ya kuomba msaada: mimuliko mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi. Mwanafunzi kwa kawaida huandika washa, lala kidogo kwa Thread.sleep, zima, lala, washa. Taa inafanya vizuri, ila kioo kinakufa ganzi; ukibonyeza simama haisikii, na ukiendelea kugusa, baada ya sekunde 5 hivi Android inakuletea onyo kwamba programu haijibu. Sababu ni kwamba umemlaza yuleyule anayepokea miguso ya kidole. Weka kazi hiyo ndani ya coroutine, njia ya Kotlin ya kuendesha kazi inayoweza kusimama kisha ikaendelea, na utumie delay, inayosubiri pembeni bila kumzuia mtu. Mmuliko mfupi uwe milisekunde 200, mrefu mara tatu yake, yaani 600, na giza la 200 katikati. Ijaribu ukiielekeza ukutani, si dirishani, majirani wasije wakaja kweli.