Mwaka Kogwa si Mwaka Mpya wa Kiislamu

Kila Julai, sherehe za Mwaka Kogwa zinapokaribia huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, husikika tena dai la miaka mingi kwamba huo ndio mwaka mpya wa Kiislamu. Wenyeji wa sherehe ni Waislamu, hivyo kosa hilo linaeleweka, lakini hesabu yenyewe inalikataa.

Mwaka wa Kiislamu huanza Muharram, hufuata mwandamo wa mwezi na huwa na siku 354 au 355, kwa hiyo hurudi nyuma siku kumi hivi kila mwaka na kuzunguka misimu yote. Mwaka wa Makunduchi una asili ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waajemi: hufuata jua na una siku 365, zilizogawanywa katika makumi 36 na siku tano za ziada, hesabu iliyowafaa wakulima na mabaharia. Kwa kuwa hauna siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, husogea nyuma siku moja tu kila miaka minne, na ndiyo maana kwa muda mrefu umebaki ndani ya msimu wa kusi, yaani wa upepo wa kusini.

Matendo ya siku hiyo nayo hayamo katika ibada: wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, baadhi wamevaa makoti mazito na kofia za pikipiki (tahadhari ya busara, kwani bua bichi huuma), wanawake huimba kwa mafumbo, kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Chakula hupikwa kingi, kwani kukosa mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa nuksi.