Kiyoyozi kinavyopoza chumba

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto: hulichota ndani ya chumba na kulimwaga nje. Simama mbele ya kile kisanduku chenye feni kilichofungwa nje ya nyumba, upepo wa moto utakaokupiga umebeba joto lililokuwa chumbani muda mfupi uliopita.

Joto likiachwa lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi. Kulitoa kwenye chumba chenye nyuzi 24 na kulipeleka nje penye nyuzi 33 kunahitaji mbebaji, na umeme wa kumwendesha. Mbebaji huyo mafundi humwita gesi tu, ingawa nusu ya safari yake huwa kimiminika. Sifa yake kubwa ni kuchemka hata penye baridi kali. R-32, inayotumika katika viyoyozi vingi vipya, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri ikiwa katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kimiminika kikigeuka mvuke hunyonya joto la kilicho jirani nacho, ndiyo maana spiriti ikipakwa mkononi huacha ubaridi.

Ndani ya kisanduku cha ukutani kuna koili ya mirija iliyopangwa katikati ya mabati membamba ya alumini. Gesi huingia humo ikiwa kimiminika baridi chenye mgandamizo mdogo. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye koili. Joto la hewa hiyo huichemsha gesi ikawa mvuke, na hewa hurudi chumbani imepoa. Ni hewa ileile inayozungushwa. Wengi hudhani kiyoyozi cha ukutani huingiza hewa safi kutoka nje, lakini vingi havifanyi hivyo.

Mvuke huenda nje kwenye kompresa, ambayo ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Kompresa huukandamiza mpaka uwe wa moto kuliko hewa ya nje. Ujanja wote uko hapo: hata nje kukiwa na jua kali, mvuke ukiwa na moto zaidi ya hewa hiyo, joto litatoka tu. Ukipita kwenye koili ya nje hutua mzigo wake na kurudi kuwa kimiminika, kisha hupenyezwa kwenye njia nyembamba sana, mgandamizo unashuka ghafla, kinapoa, na kuingia tena ndani.

Kwa kuwa umeme unalipia usafirishaji tu, uniti moja yake inaweza kutoa chumbani uniti tatu za joto au zaidi. Friji hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila humwaga joto lake humohumo chumbani. Ukiiacha mlango wazi ili upate ubaridi, chumba kitazidi kupata joto.

Yale maji yanayodondoka kwenye bomba ni unyevu wa hewa uliogeuka maji ulipogusa koili baridi. Si kasoro. Tena mhandisi Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, shida iliyomleta ilikuwa huo unyevu: karatasi zilitanuka na kusinyaa, rangi zikakosa kukaa mahali pake.

Jambo jingine, gesi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, kwa hiyo ikipungua imevuja. Fundi anayeijaza kila mwaka bila kutafuta inapovujia anakuuzia gesi, hakutengenezei kiyoyozi.

Na rimoti kuiweka 16 ili chumba kipoe haraka? Kwenye kiyoyozi kisicho cha inverta (kifaa kinachobadili kasi ya kompresa), kompresa ama inawaka ama imezimwa, haina mwendo wa katikati. Ukiiweka 16 inapoza kwa kasi ileile ya 24, ila inachelewa kuzima.