Je, wajua kwa nini anayekutunuku shahada siye anayeendesha chuo?

Mahafali ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU) yakifika, macho ya wazazi humfuata Mkuu wa Chuo, kwa kuwa ndiye atamkaye maneno ya kutunuku shahada. Kesho yake hutamkuta ofisini. Anayekesha na bajeti, ajira za wahadhiri na matokeo yaliyochelewa ni Makamu Mkuu wa Chuo.

Mpangilio huu tumeurithi Uingereza. Mkuu wa Chuo ni mlezi mwenye heshima. Makamu ndiye mtendaji. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanzishwa mwaka 1963, Mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa na nchi nzima ya kuongoza. Kazi ya kila siku aliifanya Makamu wake, Bernard de Bunsen. Mwaka 1970 Dar es Salaam ikapata chuo kikuu chake, Mwalimu akawa Mkuu tena, na Pius Msekwa akawa Makamu wa kwanza.

Msekwa alitoka kwenye chama na Bunge, na baadaye akawa Spika. Siku hizi njia ni nyingine: unaanza chini darasani, unapanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, huku ukionja uongozi wa idara au ndaki (kitengo kikubwa chenye idara kadhaa). Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo nayo ni chuo kikuu, pale Tengeru, Arusha, Makamu wake wa kwanza alikuwa Profesa Burton Mwamila, mhandisi aliyetokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nadhani kuanzisha chuo ni kazi ngumu kuliko kukirithi, na ndiyo maana namheshimu sana Profesa Geoffrey Mmari: alikuwa Makamu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akaongoza Dar es Salaam, kisha akawa wa kwanza tena Chuo Kikuu Huria.

MoCU yenyewe ilianza mwaka 1963 ikiwa chuo cha ushirika, ikawa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine mwaka 2004, na haikuwa na Makamu Mkuu wake mpaka ilipojitegemea mwaka 2014.

Cheo hicho kina mamlaka, ila si ufalme. Makamu Mkuu huongoza Seneti, inayoamua mambo ya taaluma, lakini fedha na sera humpeleka mbele ya Baraza la Chuo, ambalo mwenyekiti wake ni mtu mwingine, na huko huulizwa maswali.